Gari Kubwa Halitulizwi kwa Ugumu

Leo naomba nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaweza kuonekana ni la watu wachache. Ni namna ya kulifanya gari kubwa la zamani lishike barabara vizuri zaidi. Najua wapo watakaosema, "Huyu leo kakosa la kusema." Lakini ninyi mnaoishi mijini mnajua kwamba magari haya bado tunayo. Yapo ya Peugeot 504 yanayobeba maharusi siku za Jumamosi, yapo ya Volvo na Mercedes tuliyorithi kwa wazee wetu, na wapo vijana wanaoyatafuta hata nyuma ya mabanda ya kuku ili wayafufue. Na kila anayefufua gari la namna hiyo, akishamaliza rangi na viti, hufikia swali moja: nifanyeje lisiyumbe?

Mimi nililijibu swali hilo vibaya, na jibu langu nusura limuue mama yangu. Ndiyo maana naona si haki ninyamaze.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D la mwaka 1981. Marehemu baba alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akakaa nalo mpaka alipofariki. Ni la ule ukoo wa W123 uliozinduliwa mwaka 1976 na kukoma mwanzoni mwa mwaka 1986, baada ya kutengenezwa magari yapatayo milioni 2.7. Urefu wake ni zaidi ya meta 4.7, uzito wake likiwa tupu unakaribia kilo 1,400, na injini yake ya dizeli ina nguvu ya farasi 72 tu. Yaani ni gari zito lisilo na haraka. Baba alikuwa akituambia kwamba gari hili halichelewi. Anayechelewa ni yule asiyeondoka mapema.

Nililirithi mwaka 2015 likiwa limechoka. Nikikata kona, bodi linalala upande kama jahazi lililopata upepo. Nikipita tuta, pua inainuka na kushuka mara tatu au nne kabla ya kutulia. Hata kwenye barabara iliyonyooka nilikuwa sina budi kurekebisha usukani kila mara, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayepepeta mchele.

Nikalipeleka kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa kuwa wale vijana hawakuwa watu wabaya. Walifanya kile nilichowaomba. Niliwaambia, "Lifanyeni liwe gumu, lisilale tena." Basi wakazikata springi za mbele mizunguko miwili, na za nyuma mzunguko mmoja. Wakafunga shokapu za bei nafuu zilizoitwa za spoti. Wakavua rimu zake za asili, wakaweka rimu pana zenye matairi mapana ya ukuta mfupi. Gari likashuka chini, likawa zuri la kutazama. Nilipolizungusha mtaani halikulala hata kidogo. Nikalipa, nikaondoka kifua mbele.

Desemba ya mwaka huo nikampeleka mama kwetu Lushoto. Wanaoifahamu barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hawahitaji kuelezwa. Ni kilometa zipatazo 30 na ushei za kuupanda mlima wa Usambara, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili bonde. Kupanda hatukupata shida, ila mama alilalamika kwamba mgongo unamuuma na kila shimo analisikia kwenye meno. Nikamwambia, "Mama, ndivyo magari yanayoshika barabara yalivyo." Akanyamaza.

Siku ya kurudi kulikuwa na manyunyu. Tulipopita Soni tukateremka taratibu, si zaidi ya kilometa 50 kwa saa. Mbele yetu ikaja kona ya kulia, na katikati ya kona hiyo palikuwa na shimo lililozibwa vibaya, likawa tuta dogo. Tairi la nyuma la kushoto lilipolipanda nikasikia kishindo cha chuma, na papo hapo mkia wa gari ukaruka kwenda nje. Kwa hofu nikaondoa mguu wangu kwenye mafuta mara moja. Gari likageuka kiunoni kama mtu aliyesukumwa, likazunguka, likasimama likiwa limekingama barabara. Tairi la nyuma lilikuwa futi mbili kutoka ukingoni. Lori lililopakia kabichi lilikuwa linapanda. Dereva wake alifunga breki, akashuka, akatutazama bila kusema neno.

Mama hakupiga kelele. Alifungua mlango polepole, akashuka, akaenda kuketi juu ya jiwe upande wa mlimani. Nilipomsogelea akasema, "Mwanangu, gari la baba yako lilikuwa linatuyumbisha, lakini halikupata kututupa." Kisha akakataa katakata kuingia tena. Alisimamisha basi dogo, akaenda zake Mombo, na kutoka pale akapanda basi la Dar es Salaam.

Ndugu wasikilizaji, nimeendesha magari kwa miaka mingi, lakini sijapata kuhukumiwa kwa maneno machache kama yale.

Nikateremka peke yangu kwa gia ya pili mpaka Mombo, kisha nikaenda Korogwe. Huko yuko mzee mmoja fundi, aliyezeekea kwenye karakana za mashamba ya mkonge, ambaye baba alikuwa akimsifu. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Nani kalikata gari miguu?"

Hakuwa hata amesimama. Aliona namna lilivyokaa, akajua. Na yale aliyonieleza jioni ile, pamoja na niliyoyatafuta mwenyewe vitabuni baadaye, ndiyo ninayotaka kuwagawia leo.

Jambo la kwanza ni kwamba kulala kwa bodi na kuhama kwa uzito ni vitu viwili. Gari likikata kona, uzito unahama kutoka matairi ya ndani ya kona kwenda matairi ya nje. Kiasi kinachohama kinategemea uzito wa gari, mwendo pamoja na ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana uliopo kati ya tairi la kushoto na la kulia. Springi hazimo katika hesabu hiyo. Springi ngumu hupunguza kulala kwa bodi, ambako tunakuona kwa macho. Hazipunguzi kuhama kwa uzito, ambako hatukuoni. Ni kweli kwamba kulishusha gari kunapunguza kimo cha kitovu hicho, lakini kwa sentimeta chache tu, na bei ya sentimeta hizo ndiyo niliyotaka kuilipa pale Soni. Jahazi linalolala kwa upepo halizami. Linalozama ni lile lililopoteza uwezo wa kurudi.

Jambo la pili ni kwamba springi na shokapu zina kazi mbalimbali, na wengi wetu tunazichanganya. Springi ndiyo inayobeba gari. Ikibanwa na tuta inaweka nguvu akiba, na ikiachiwa inairudisha nguvu ile yote. Shokapu haibebi gari hata kidogo. Kazi yake ni kuichukua ile nguvu inayorudi na kuigeuza iwe joto, kwa kuyalazimisha mafuta kupita katika matundu madogo, ili gari lipande mara moja, lishuke mara moja, basi. Kwenye barabara mbovu mafuta hayo hupata joto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alibuni shokapu ya bomba moja yenye gesi iliyoshindiliwa, ambayo gesi yake inayabana mafuta yasifanye povu. Shokapu za gesi za aina hiyo si anasa kwa gari zito. Ndizo zinazoliwezesha lifike mwisho wa safari likiwa na tabia ile ile liliyoanza nayo.

Sasa tazameni niliyoyafanya mimi. Springi ukiikata haipungui urefu tu, bali inaongezeka na ugumu, kwa sababu chuma kile kile sasa kina mizunguko michache ya kujinyonga. Ikiwa ina mizunguko minane inayofanya kazi, ukaikata miwili, ugumu wake unapanda kwa theluthi moja. Shokapu dhaifu haiwezi kuituliza springi ya namna hiyo. Isitoshe, gari likiwa limeshuka, nafasi ya tairi kupanda inakwisha upesi. Linalofuata ni kile kipande cha mpira kilichowekwa kuzuia chuma kisigonge chuma. Kipande hicho kikifikiwa, ni kama springi imegeuka jiwe ghafla. Tairi haliwezi tena kufuata barabara, linaruka. Na tairi lililo hewani, hata liwe pana namna gani, halishiki chochote. Kile kishindo nilichokisikia pale konani kilikuwa ni hicho.

Lipo na la mguu wa nyuma wa W123. Kila tairi la nyuma limeshikwa na mkono uliowekwa kimshazari, na mkono ule ukipanda au kushuka, tairi linabadilisha mwinamo. Gari likishushwa kupita kiasi, matairi ya nyuma yanainama kwa ndani upande wa juu, yanasimama kwa ukingo mmoja kama mtu aliyepinda magoti. Kisha dereva akiondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, mkia unakuwa mwepesi, na matairi yaliyokuwa yameshika kwa ukingo tu yanaachia. Mimi nilifanya yote mawili kwa pamoja. Nililishusha gari kwa fedha zangu, halafu nikaondoa mguu kwa hofu yangu.

Lipo pia la mbele na nyuma kutolingana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mhandisi mmoja Mwingereza, Maurice Olley, alitoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi Cadillac huko Marekani. Mwaka 1932 walitengeneza gari kubwa la majaribio ambalo uzito wake uliweza kuhamishwa huku na huko na springi zake kubadilishwa, wakawa wanapanda na kulizungusha wakisikiliza miili yao wenyewe. Waligundua jambo linalofuatwa mpaka leo, kwamba springi za mbele inafaa ziwe laini kidogo kuliko za nyuma. Sababu yake ni nyepesi. Tairi la mbele ndilo linalokutana na tuta kwanza, la nyuma linafuata. Mkia ukicheza upesi kidogo kuliko pua, unaiwahi, vyote viwili vinatulia pamoja. Ukifanya kinyume, gari linabaki kuitikia kichwa kama mjusi ukutani. Vijana wangu walikata zaidi mbele kuliko nyuma.

Pengine mtaniuliza, mbona magari ya mashindano ni magumu? Ni magumu kwa sababu yanakimbia kwenye lami laini kama meza. Kwetu huku historia inatufundisha vingine. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, aliyeshinda mwaka 1959 na tena mwaka 1960 ni Bill Fritschy akiendesha Mercedes 219, gari la mtu mzima kwenda nalo ofisini. Mwaka 1966 na 1967 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell wa hapa kwetu Tanzania, wakiwa na Peugeot 404, gari lililosifika kwa springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Na mwaka 1977, katika mashindano ya kutoka London hadi Sydney, safari ya kilometa zipatazo 30,000, mshindi alikuwa Andrew Cowan katika Mercedes 280E, ambalo ni ndugu wa damu wa hili gari la baba yangu. Katika barabara mbovu anayeshinda ni yule ambaye matairi yake yanabaki chini.

Basi yule mzee akalifanyia nini gari? Kwanza hakuniuzia kitu. Alichukua mtaimbo, akaupenyeza kati ya bodi na ile fremu inayoshika miguu ya nyuma, akausukuma kwa mkono mmoja. Fremu nzima ikasogea. Mipira inayoishikilia ilikuwa imekufa zamani. Akaenda mbele, akanionyesha mpira wa ule mkono unaolizuia tairi lisirudi nyuma unapofunga breki. Umepasuka. Akashika mkono wa usukani unaosaidia upande wa pili, bushi yake imelika mpaka inalegea kama jino la mtoto. Akasema, "Kijana, gari hili lilikuwa halihitaji kuongezewa kitu. Lilikuwa linahitaji kurudishiwa vyake."

Maneno hayo niliyakumbuka nyumbani. Kule kuyumba kwote kulikonifanya nikimbilie kukata springi kulitokana na mipira. Nyuma palikuwa panajipindisha penyewe, na usukani ulikuwa na nafasi ya uvivu katikati. Nami nikaenda kuweka ugumu juu ya ulegevu.

Kazi ilichukua wiki tatu, nyingi kati ya siku hizo zikiwa za kusubiri spea. Alibadilisha mipira yote ya mikono ya mbele, boljointi, bushi ya usukani, mipira ya fremu ya nyuma na ile ya difu. Zaidi ya nusu ya fedha zangu zilikwenda hapo, kwenye vitu ambavyo mpita njia haoni wala hasifu.

Baada ya hapo ndipo akafika kwenye springi. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa gereji: "Unabeba nini?" Nikamwambia ukweli. Watu wanne, na kila nikitoka Lushoto, magunia mawili ya viazi kwenye buti. Akatafuta springi kamili za gari lile lile. Za mbele akachagua za ugumu wa asili, za nyuma ngumu kidogo tu kuliko za mwanzo, kwa ajili ya viazi. Na juu ya springi za W123 kuna duara la mpira linalotengenezwa kwa unene wa namna nne, milimeta 8, 13, 18 na 23, likitambuliwa kwa vinundu vilivyo pembeni, kimoja mpaka vinne. Kwa kuchagua duara hilo akalisawazisha gari, kushoto na kulia, mbele na nyuma, bila kukata chuma. Alipozibana springi alitumia kifaa chake maalumu, na hakumruhusu mtu kusimama mbele yake. Alisema springi iliyobanwa ikichomoka haina tofauti na risasi. Hilo nawaomba vijana mlishike: msiibane springi kwa waya wala kwa jeki peke yake.

Kisha akafunga shokapu mpya za gesi, zenye namba halisi ya gari hilo, zote nne kwa pamoja.

Nikamwambia, "Mzee, tuweke na stabilaiza nene ili lisilale." Stabilaiza, kwa asiyeijua, ni ule ufito wa chuma unaounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Matairi yakipanda tuta kwa pamoja haufanyi kitu. Upande mmoja ukilala, unajinyonga na kuuzuia. Ni njia nzuri ya kupunguza kulala bila kuwavunja abiria migongo, lakini ina hesabu kali. Ukiuongeza unene kutoka milimeta 20 hadi 22, ugumu wake haupandi kwa sehemu moja ya kumi, bali kwa karibu nusu nzima. Ukizidisha mbele, gari linakataa kukata kona. Ukizidisha nyuma, mkia ndio unaotangulia kuteleza, na ugonjwa ule mimi nilikuwa nimeshauonja. Mzee akanijibu, "Uliendeshe kwanza mwezi mmoja. Ukiona bado unaitaka, njoo." Mpaka leo sijaenda.

Mwisho ni matairi. Zile rimu pana tukazivua, zikarudi zile za asili za inchi 14. Badala ya matairi membamba ya 175 tukaweka 195/70 R14, ukubwa ambao baadhi ya magari ya W123 yalitoka nao kiwandani, hivyo hayagusi popote. Pia akanionyesha tarakimu nne zilizopigwa muhuri ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yangu yale mapana, niliyoyanunua kama mapya kwa kuwa yalikuwa yanang'aa, yalikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu kama kisigino, na juu ya lami iliyolowa haushiki. Hatimaye akaenda kupimisha uelekeo wa matairi kwenye mashine, tukiwa tumekaa ndani ya gari, maana gari linapimwa kama linavyotumika.

Nikaliendesha. Je, halilali tena? Linalala. Ni gari kubwa, na halitageuka kuwa dogo. Lakini linalala mara moja, linatulia hapo hapo, na linabaki hivyo mpaka kona iishe. Likipita tuta linapanda na kushuka mara moja. Usukani ukiuambia kushoto, unakwenda kushoto, bila kusitasita. Nikikuta shimo katikati ya kona, tairi linaingia, linatoka, nasi tunaendelea na mazungumzo.

Kwa hiyo, msikilizaji mwenye gari la namna hii, naomba uufuate utaratibu niliouchelewa. Anza na matairi na upepo wake, kwa sababu kila tairi linakugusanisha na barabara kwa sehemu isiyozidi kiganja cha mkono wako. Fuatia mipira, bushi na boljointi. Kisha shokapu, mpya na sahihi, si za mtumba, kwa sababu shokapu iliyokufa haionekani kwa macho, na kule kulibonyeza gari kwa mkono na kuliachia kunakuonyesha ile iliyokufa kabisa tu. Kisha springi, kwa kuzingatia mzigo unaobeba kweli. Stabilaiza iwe ya mwisho, tena kwa kipimo. Na ukifika hatua yoyote ukaona gari limekutosha, simama hapo. Usikubali mtu akate springi kwa moto wala msumeno, na usikubali mkono wa mguu wa gari uungwe kwa kuchomelea.

Na ninyi mafundi wetu, nawaomba jambo moja. Mteja akija kama nilivyokuja mimi, akisema "lifanyeni gumu", msianze kwa kuchukua msumeno. Mwulizeni anabeba nini na anapita wapi. Yeye anataja kile anachokiona. Ninyi ndio mnaojua kisichoonekana. Mimi niliona bodi linalala, nikaomba lisilale, nikapewa. Hakuna aliyeniuliza kama nina mama anayeketi kiti cha nyuma.

Mama alikaa mwaka mzima bila kupanda gari lile. Nilimbembeleza, ndugu zangu wakambembeleza, akasema mabasi yapo. Desemba ya mwaka 2016 kulikuwa na harusi Lushoto, mabasi yamejaa, akakosa njia nyingine. Akaingia, akaketi nyuma kushoto, tasbihi mkononi, wala hakunisemesha mpaka tukafika Mombo. Tukapanda salama. Siku tatu baadaye tukateremka, viazi vikiwa kwenye buti, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipoikaribia ile kona chini ya Soni, nikapunguza mwendo, mikono ikanitoka jasho. Lile shimo lilikuwapo bado. Tukalipita.

Nikamtazama mama kwenye kioo ili nijue amesema nini usoni. Alikuwa amelala usingizi, kichwa kimeegemea dirisha, tasbihi imeanguka mapajani.

Ndugu wasikilizaji, nawatakia safari njema. Kwaherini mpaka juma lijalo.